Madini ni yale yale, mpangilio ndio tofauti: leza na vichocheo vya nano

Leo tuweke kando mambo ya programu na hifadhidata, tuzungumze kuhusu leza. Si ile ya kuchezea inayotupa nukta nyekundu ukutani, wala ile iliyomo ndani ya kisoma CD. Nazungumzia leza inayotumiwa maabarani kupanga upya atomu za madini ndani ya chembe ndogo mno, ili chembe hizo ziwe vichocheo bora.

Najua kuna atakayeuliza: mwandishi wa programu na kemia, wapi na wapi? Subira. Tutafika. Ila msimamo wangu nautoa mapema, mtu asije akasema nilimzungusha. Nasema hivi: tumezoea kuuliza "ni madini gani?" wakati swali lenye pesa siku hizi ni "yamepangwaje?" Na bara linalochimba madini bila kujifunza kuyapanga litaendelea kuuza kwa tani na kununua kwa gramu.

Haya, tuanze mwanzo.

Kichocheo ni nini?

Wale waliokaa macho katika somo la kemia watakumbuka: kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kutumika na kwisha. Ni kama dalali wa ploti. Anawakutanisha muuzaji na mnunuzi, mkataba unatiwa sahihi, kisha yeye anaondoka kutafuta wengine. Tofauti ni kwamba kichocheo hakiombi kamisheni.

Bila vichocheo maisha ya leo yangesimama. Mbolea ya nitrojeni anayonunua mkulima wa Kitale ilianza kama amonia, na amonia hutengenezwa kwa kupitisha nitrojeni na hidrojeni juu ya kichocheo cha chuma. Kiwanda cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Gari lako nalo, kama halijanyofolewa kitu, lina kifaa kwenye bomba la ekzosi chenye platini, paladi na rodi, kinachogeuza moshi wenye sumu kuwa gesi zenye madhara kidogo.

Sasa, kazi yote ya kichocheo hufanyika juu ya uso wake. Atomu zilizofichika katikati ya kipande cha platini hazifanyi lolote, zimekalia mtaji tu. Ndiyo maana wanakemia hulipunguza dini, yaani hulisaga mpaka liwe chembe za nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Fanya hesabu hii nami. Chukua mchemraba wa platini wa sentimita 1 kila upande. Una uzito wa gramu 21 hivi, na eneo la uso wake ni sentimita mraba 6, hata stempu kubwa inaufunika upande mmoja. Ukaukate uwe michemraba midogo ya nanomita 10 kila upande. Uzito haujabadilika, lakini eneo la uso sasa ni mita mraba 600. Ploti ya hamsini kwa mia, ile ambayo Wakenya tunauziana kila siku, ni mita mraba 465 hivi. Kwa hiyo kile kipande kilichokaa kwenye kidole sasa kinafunika ploti nzima na kubaki.

Udogo una maajabu mengine pia. Dhahabu inajulikana kwa uvivu. Haipati kutu, haishirikiani na mtu, ndiyo maana pete ya bibi bado inang'aa. Lakini mwaka 1987 Masatake Haruta na wenzake huko Osaka, Japani, walionyesha kuwa dhahabu ikiwa chembe za nanomita chache juu ya oksaidi ya madini mengine, huchoma monoksidi ya kaboni hata katika baridi ya chini ya nyuzi sufuri. Dhahabu ile ile! Kilichobadilika ni ukubwa na jinsi atomu zilivyokaa.

Mhunzi anajua siri hii

Kabla hatujafika kwenye leza, nenda Kamukunji uwatazame mafundi wa jua kali. Fundi anapotaka kutengeneza patasi hatoshelezwi na kukata chuma na kukinoa. Anakitia motoni mpaka kiwe chekundu, kisha anakizamisha ghafla majini. Tshhh! Chuma kile kikitoka ni kigumu kuliko kilivyoingia. Akikiacha kipoe polepole kinabaki laini. Atomu ni zile zile na uzito ni ule ule. Kupoa kwa ghafla ndiko kulikozinyima atomu nafasi ya kujipanga zilivyopenda, zikagandia zilipokuwa.

Wahunzi wameijua siri hii kwa karne nyingi bila kuona atomu hata moja. Kile ambacho leza inafanya ndani ya chupa ya maabara ni uhunzi huo huo, ila kipande kinachofuliwa ni kidogo kuliko kirusi.

Leza inafanyaje kazi hiyo?

Chembe za nano zinaelea majini. Leza inatuma mwangaza kwa mapigo, si kwa mfululizo. Kila pigo hudumu nanosekunde kadhaa, au pikosekunde, ambayo ni elfu moja ndogo zaidi, au hata femtosekunde, ndogo mara elfu tena. Mwangaza ukiigonga chembe ya dhahabu, elektroni zake ndizo zinazoupokea kwanza. Katika pikosekunde chache elektroni hizo huwa zimewapa atomu joto lao. Chembe inayeyuka, au inabadilisha umbo, au inapasuka. Kisha maji yanayoizunguka yanaipoza.

Chembe ikishuka nyuzi 1,000 ndani ya nanosekunde moja, kasi hiyo ya kupoa ni sawa na nyuzi trilioni moja kwa sekunde. Hakuna tanuri wala ndoo ya maji itakayokupa kasi kama hiyo. Atomu zinagandishwa katika mpangilio ambao kwa kawaida zisingekubali kukaa nao.

Wataalamu wana njia tatu kuu. Ya kwanza ni kuchonga: unaweka kibamba cha dini chini ya maji, unakipiga leza, nacho kinatoa wingu la chembe za nano. Ya pili ni kuvunja: chembe zilizopo tayari zinapasuliwa kuwa ndogo zaidi. Ya tatu ni kuyeyusha: chembe zinalainishwa na kubadilishwa umbo, wakati mwingine kadhaa zikiungana kuwa tufe moja.

Na hapa ndipo mwandishi wa programu ndani yangu anapochangamka. Hebu ione leza kama kitendakazi katika programu, chenye vigezo vyake: rangi ya mwangaza, urefu wa pigo, nguvu ya pigo, idadi ya mapigo, na kimiminika unachotumia. Badilisha kigezo kimoja, upate jibu jingine. Kati ya mwaka 1999 na 2000 kundi la Mostafa El-Sayed wa Georgia Tech, Marekani, lilichukua vijiti vya nano vya dhahabu na kuvipiga kwa leza. Mapigo ya femtosekunde yenye nguvu ya wastani yaliviyeyusha vikawa matufe. Mapigo ya nanosekunde, yakiongezwa nguvu, yalivipasua vipande. Mwaka 2017 watafiti wa Hispania walichapisha katika jarida la Science jinsi mapigo ya femtosekunde yanayotolewa kwa uangalifu yanavyoweza kuvisawazisha vijiti vya aina hiyo mpaka vikaribie kulingana vyote.

Fedha iliyojifanya platini

Mfano ninaoupenda zaidi ni huu. Ukitaka kutoa hidrojeni kutoka kwa maji kwa kutumia umeme, kichocheo kinachosifika ni platini. Fedha, nazungumzia madini na si noti mfukoni, haifai sana kazi hiyo kwa sababu haishiki atomu za hidrojeni vya kutosha. Zinateleza kabla ya kuungana.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tianjin, China, waliripoti katika jarida la Nature Catalysis kwamba walitengeneza chembe za fedha kwa leza ndani ya kimiminika, na chembe hizo zikaweza kushindana na kichocheo cha platini kinachouzwa madukani. Walitia nini ndani ya fedha? Hawakutia kitu. Walitia kasoro.

Nieleze. Ushamwona mama mboga anavyopanga machungwa? Tabaka la kwanza, kisha la pili likikaa kwenye mabonde ya la kwanza, kisha la tatu. Atomu za fedha nazo hujipanga hivyo, kwa mfuatano unaojirudia wa tabaka tatu. Lakini fedha ikiyeyushwa na leza na kugandishwa ghafla, baadhi ya tabaka hukosea mahali pa kukaa, na mfuatano unavunjika. Pale kosa hilo linapofika juu ya uso, kunabaki atomu zisizo na majirani wa kutosha. Atomu yenye majirani wachache ina njaa. Hidrojeni ikipita, inaishika.

Mnaona? Katika kazi yetu ya programu kasoro ni adui. Huku, kasoro iliyowekwa mahali pake ndiyo bidhaa yenyewe.

Uzuri wake, na ubaya wake

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaitaji sana: usafi. Njia ya kawaida ya kemia hutengeneza chembe za nano kutoka kwa chumvi za madini, na huongeza kemikali za kuzuia chembe zisishikane. Kemikali hizo hubaki zimezifunika chembe kama blanketi, na blanketi hilo linafunika uso ule ule tulioutaka. Leza ikichonga dini ndani ya maji safi, chembe zinatoka uchi. Hakuna cha kuosha baadaye.

Lakini nisiwe mpiga debe wa matatu anayeapa kuwa gari limebakisha abiria mmoja. Njia hii ina matatizo yake. Chembe zinazotoka mara nyingi si za ukubwa mmoja, kubwa na ndogo zimechanganyika. Ukitumia kimiminika chenye kaboni badala ya maji, leza inaweza kukichoma na kuziviringia chembe masizi. Kasoro tulizozisifu zinaweza kupona zenyewe kichocheo kikifanya kazi kwenye joto kali, na zikipona, faida imekwenda.

Halafu kuna suala la wingi. Kwa miaka mingi maabara zilikuwa zikipata miligramu. Mwaka 2016 kundi la Stephan Barcikowski wa Chuo Kikuu cha Duisburg-Essen, Ujerumani, lilionyesha leza ya wati 500 ikizalisha hadi gramu 4 za chembe za platini kwa saa. Ni hatua kubwa. Wati 500 kwa saa moja ni nusu uniti ya umeme, kwa lugha ya tokeni, ingawa huo ni mwangaza peke yake. Umeme unaotoka ukutani ni zaidi ya hapo, maana leza haigeuzi umeme wote kuwa mwangaza. Mwaka 2017 kundi hilo pia lilipiga hesabu ya gharama za dhahabu na kuonyesha kwamba uzalishaji ukiwa mkubwa leza inaweza kuishinda kemia kwa bei, kwa sababu kipande cha dhahabu ni nafuu kuliko chumvi ya dhahabu.

Ndiyo maana nikisoma habari ya "kichocheo kipya cha ajabu" huuliza maswali matatu. Kinafanya kazi kiasi gani kwa kila gramu ya dini? Kimefanya kazi saa ngapi kabla ya kuchoka? Na kilitumia umeme kiasi gani kutengenezwa? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Utafiti usiotoa namba hizo tatu ni duka lisilo na daftari.

Sisi tunaingia wapi?

Sasa tuje nyumbani. Septemba 2023, hapa Nairobi, Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani, na mbolea ni mojawapo ya matumizi yaliyolengwa. Wazo lenyewe si baya. Tuna mvuke wa Olkaria, tuna upepo wa Turkana, na tunaagiza mbolea kutoka nje kila msimu huku mkulima akilia na bei.

Lakini mashine za kupasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni zinahitaji vichocheo. Aina moja inayotumika sana hutumia platini upande wa hidrojeni na iridi upande wa oksijeni. Iridi inayochimbwa duniani kote kwa mwaka mmoja ni tani 7 au 8 tu. Lori moja la kokoto lingeibeba! Na sehemu kubwa yake, pamoja na takriban asilimia 70 ya platini ya dunia, hutoka Afrika Kusini.

Yaani dini linatoka Afrika, linakwenda kupangwa Ulaya, Marekani na Asia, kisha linarudi Afrika ndani ya mashine yenye bei ambayo hatukuipanga sisi. Na wakati mwingine halirudi hata hivyo. Mwaka 2020 wakaguzi wa serikali ya Uholanzi walichunguza magari makuukuu yanayopelekwa Afrika, wakakuta baadhi yameng'olewa kile kifaa cha kusafisha moshi kwa ajili ya madini yake. Platini imebaki kwao, moshi umekuja kwetu.

Watu wengi wakisikia hayo wanasema dawa ni kujenga viyeyushio vyetu. Sipingi. Lakini kiyeyushio kinakupa bamba la platini, na bamba la platini bado linauzwa kwa uzito. Thamani inaruka pale mtu anapojua kuzipanga atomu ili gramu moja ifanye kazi ya gramu kumi, au ili fedha na nikeli zifanye kazi ya platini. Mwaka 2014 watafiti wa Caltech, Marekani, walitumia leza kutengeneza kichocheo cha nikeli na chuma kwa upande wa oksijeni, bila dini ghali hata moja. Kinafanya kazi katika maji yenye alkali, si katika mashine zile za iridi, lakini mashine za alkali zipo na zinauzwa. Siku vichocheo kama hivyo vikikomaa, bei ya madini yetu itaamuliwa na wajuzi wa kupanga, si na wenye machimbo. Tukisubiri siku hiyo mikono mfukoni, tutakuwa tumeuza ng'ombe na kununua maziwa.

Na hapa ndipo jibu la swali la mwanzo lilipo. Mwandishi wa programu na kemia, wapi na wapi? Hapa hapa. Leza ya femtosekunde ni ghali, na si kila chuo chetu kitainunua kesho. Lakini chembe ya dhahabu ya nanomita 5 ina atomu karibu 4,000 tu. Hizo tarakilishi yako ya mapajani inazimudu. Kuna programu huria iitwayo LAMMPS, iliyoanzia maabara ya Sandia huko Marekani, inayoiga mwendo wa atomu. Kuna maktaba ya Python iitwayo ASE, iliyoanzia Denmark. Zote ni za bure. Unaweza leo jioni kuijenga chembe ya dhahabu, kuipasha joto mpaka iyeyuke, kuipoza haraka, kisha kuipoza tena polepole, na kuhesabu kasoro zilizobaki katika kila hali. Huo ni uhunzi bila moto.

Haitachukua nafasi ya maabara. Mwigo ni mwigo, na atomu za kweli hazisomi msimbo wako. Lakini vigezo vya leza ni vingi mno kuvijaribu vyote kwa mkono, na anayejua kuandika programu ya kuchuja vigezo, kupanga data na kutabiri jaribio lipi lianze, ana kitu cha kumpa mwanakemia. Vipo pia vituo vya kushirikiana navyo barani. African Laser Centre yenye makao yake Pretoria imekuwapo tangu mwaka 2003, na kazi yake ni kuwaunganisha watafiti wa leza wa Afrika.

Ninachoomba si muujiza. Naomba idara za kemia na za sayansi ya tarakilishi katika vyuo vyetu ziache kusalimiana kwa mbali kama wapangaji wasiojuana. Mwanafunzi mmoja wa kemia na mmoja wa programu, mradi mmoja wa mwaka wa nne, chembe moja ya nikeli. Na wale wanaopanga hidrojeni ya kijani watenge fungu la utafiti wa vichocheo, siyo la kununua mitambo peke yake. Mashine ukiinunua inazeeka. Ujuzi wa kuipangia atomu zake unabaki na watu wako.

Hayo ndiyo maoni yangu. Kama unafanya kazi na leza au vichocheo hapa Afrika Mashariki, tuandikie, tujue nani yuko wapi. Na kama unaona nimekosea hesabu ya ile ploti, kalamu na karatasi unazo, piga upya utuambie.